Diski Tupu, Orodha ya Zamani: Historia ya Kufuta CD-RW

Diski ya CD-ROM, ambayo kampuni za Philips na Sony ziliiwekea kanuni mwaka 1983 ili diski ya muziki iweze kubeba data za kompyuta, ilijengwa juu ya dhana kwamba kilichopigwa chapa kiwandani hakibadiliki kamwe. Kiwango cha ISO 9660 cha mwaka 1988, kilichoeleza namna ya kupanga saraka na mafaili kwenye diski hiyo, hakikuweka utaratibu wowote wa kufuatilia nafasi zilizo wazi, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kuzijaza baadaye.

Dhana hiyo iliingia pia katika mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazosimamia kazi za kompyuta. Viendeshi vya mwanzo, ambavyo ni vifaa vya kuizungusha na kuisoma diski, vilisoma kilobaiti 150 tu kwa sekunde, na kwa sababu hiyo mfumo endeshi ulitunza nakala ya sekta, yaani vipande vidogo vya data za diski, zilizokwisha kusomwa katika kache, sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayohifadhi data kwa muda ili zisisomwe upya. Nakala hizo ziliaminika mradi trei ilibaki imefungwa. Trei ilipofunguliwa na kufungwa tena, kiendeshi kiliiarifu kompyuta kwamba huenda diski imebadilishwa, na kache ikatupwa.

CD-RW, diski inayoweza kufutwa na kuandikwa upya iliyotolewa mwaka 1997, ndiyo iliyovunja msingi wa utaratibu huo. Teknolojia yake ilitokana na utafiti ambao Stanford Ovshinsky wa Marekani aliutangaza katika miaka ya 1960, kuhusu mata zinazoweza kubadili mpangilio wa atomi zake na kurejea hali ya awali. Tabaka la aloi ya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu likiyeyushwa na leza kwa nyuzi kati ya 500 na 700 za Selsiasi, kisha likapoa ghafla, hupoteza umbo la fuwele na kuakisi mwanga hafifu. Likipashwa joto la nyuzi 200 hivi, hurudia fuwele, na alama hufutika. Mzunguko huo uliweza kurudiwa mara 1,000 hivi.

Kufuta kwenyewe kulikuwa kwa namna mbili. Ufutaji kamili ulipitia diski nzima na, kwa kasi ya mara 4 ya ile ya viendeshi vya mwanzo, ulichukua karibu dakika 20, ilhali ufutaji wa haraka, uliomalizika kwa dakika moja au mbili, uliondoa jedwali la yaliyomo na maeneo machache ya mwanzo, ukiziacha alama za data mahali pake bila njia ya kawaida ya kuzifikia.

Katika namna zote mbili, diski ilibadilika ikiwa ndani ya kiendeshi, pasipo trei kufunguliwa, na mfumo endeshi ambao haukupata taarifa uliendelea kuzitegemea nakala zake. Sekta ya 16, ambamo ISO 9660 huanza kuieleza diski, pamoja na saraka zilizokwisha kusomwa, zilikuwa bado katika kache, hivyo mtumiaji aliweza kuona orodha ya mafaili yasiyokuwapo tena, hata kufungua baadhi ya madogo, huku makubwa yakitoa ujumbe wa hitilafu. Hatari zaidi ilikuwa katika uhakiki unaofanywa baada ya kuchoma diski, yaani kuiandikia data kwa leza, kwa maana programu iliyolinganisha data na nakala ya kache iliweza kuithibitisha diski ambayo leza haikuwa imeigusa tena kwa kusoma.

Kutokana na hali hiyo ulizuka mtindo wa kutoa diski na kuirudisha baada ya kuifuta au kuichoma. Programu ya growisofs ya Andy Polyakov, iliyotumika kwa DVD katika mfumo wa Linux, ilifanya hivyo yenyewe kila ilipomaliza kuandika. Lakini katika kompyuta nyingi za mpakato, ambazo trei zake hazikuwa na mota ya kujirudisha, kazi ilibaki kwa mkono wa mtumiaji. DVD+RW, iliyoruhusu kuandika juu ya data za awali bila kufuta kwanza, iliongeza tu nafasi za kosa hilo kutokea. Kasoro haikuwa ya diski wala ya leza, bali ya mfumo uliotambua mabadiliko kwa kufunguka kwa trei pekee, wakati uandishi wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa chanzo kingine cha mabadiliko hayo.