Kiwanda cha mafuta Changamwe: Hisa za wageni na usalama wa taifa

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, ni mfano wa wazi wa swali linalozisumbua serikali nyingi: je, ni salama kuacha nishati ya taifa mikononi mwa wageni?

Kiwanda hicho kiliasisiwa mwaka 1960 na kampuni za Shell na BP, kikaanza kazi mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali ya Kenya ilijipatia asilimia 50 ya hisa. Nusu ya pili, iliyokuwa ya Shell, BP na Chevron, ilinunuliwa mwaka 2009 na kampuni ya Essar kutoka India.

Essar ilitarajiwa kuiboresha mitambo iliyochakaa. Mwaka 2013 ilitangaza kwamba mradi huo haungeleta faida, na ingejiondoa. Usafishaji ulikoma Septemba mwaka huo, na tangu hapo Kenya imetegemea mafuta yaliyosafishwa ng'ambo. Serikali ilizichukua hisa za Essar mwaka 2016 kwa dola milioni 5 hivi. Matangi yaliyobaki hutumika kuhifadhi mafuta.

Yaliyotukia Changamwe yanaonyesha kuwa kumiliki nusu ya hisa hakukuiwezesha serikali kumlazimisha mbia wake atoe mtaji. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza mwenye hisa anatoka wapi, yafaa kuuliza mkataba unasema nini: mtaji utatolewa lini, mbia aweza kujiondoa kwa masharti gani, na nani atabeba hasara akiondoka.