Hongo ya umeme, kutoka paneli hadi simu

Ukitoka Tabora kwa basi kwenda Nzega, Puge unaikuta karibu katikati ya safari. Huku ni kawaida kukuta paneli ya sola juu ya bati na chini yake mtu anachaji simu za watu kwa betri ya gari. Betri ina volti 12, simu inataka 5. Hizo 7 zinakwenda wapi?

Turudi nyuma kidogo. Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba mizigo kati ya pwani na Tabora, watemi wa njiani walitoza hongo, kwa nguo na shanga. Enzi zile hongo ilikuwa ushuru wa kupita, si hii ya chini ya meza unayoijua wewe. Mzigo ulipungua kila kituo.

Umeme nao ulitozwa. Chipu ya miguu mitatu iitwayo 7805, ambayo mafundi redio wanaijua vizuri, inashusha volti kwa kuzichoma tu. Simu ikivuta ampia 1, betri inatoa wati 12, simu inapata 5, na wati 7 zinaishia kuwa joto. Iguse uone!

Dawa ikawa konveta ya baki. Hii haichomi, inakata. Swichi ya transista inafunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, koili na kapasita zinalainisha mikato hiyo. Ukitaka volti 5 kutoka 12, iwashe kama asilimia 42 ya muda. Hongo bado ipo, ila ndogo sana.

Shida ni kwamba betri inashuka, simu zinaongezeka, kwa hiyo hiyo asilimia lazima irekebishwe kila wakati. Nani airekebishe? Zamani ilikuwa kazi ya saketi za analojia. Mwaka 1976 Middlebrook na Ćuk, wa chuo cha Caltech, Marekani, walionyesha namna ya kuchukua wastani wa hali mbili, swichi ikiwa wazi na ikiwa imefungwa, ukapata milinganyo inayopigika hesabu. Lakini ukitaka kubadili tabia ya saketi hiyo, ilibidi ushike chuma cha kulehemu.

Kwa nini wasitumie kompyuta? Piga hesabu. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilihitaji kama mikrosekunde 11 kutekeleza amri moja. Baki inayokata mara 50,000 kwa sekunde ina mzunguko wa mikrosekunde 20. Hata amri mbili hazitoshei! Ilibidi chipu ziongeze kasi na kushuka bei kwanza.

Zilipofika, zikaja na ugonjwa wake. Chipu inapima volti kwa ngazi, na inaamuru swichi kwa ngazi pia. Tuseme ngazi za swichi ni 256: kwa volti 12, kila ngazi ni kama volti 0.05. Kama kipimo kinaona tofauti ya 0.005, basi jicho ni kali kuliko mkono. Ngazi hii iko chini ya lengo, inayofuata iko juu, na chipu inarukaruka kati yake bila kutulia. Mwaka 2003 Peterchev na Sanders wa Berkeley waliandika masharti ya kuepuka hali hiyo, la kwanza likiwa kwamba ngazi za swichi ziwe ndogo kuliko za kipimo.

Faida yake ndo hii hapa. Paneli inayouzwa kama ya volti 12 hutoa nguvu nyingi zaidi karibu na volti 18. Tuseme ampia 5, hizo ni wati 90. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya 12, unapata kama 60. Kontrola ya kidijitali inasogeza asilimia kidogo, inapima wati. Zikipanda inaendelea, zikishuka inageuka. Siku nzima inapapasa hivyo ikitafuta kilele, mawingu yapite yasipite, na betri inaingiziwa zaidi ya ampia 7.

Sasa ikiharibika? Transista ikiungua, fundi anatoa nyingine kwenye redio kuukuu akijaribu bahati. Chipu ikifa ni habari nyingine. Mpya inauzwa tupu, na programu iliyokuwa inatafuta kilele imebaki kiwandani.