Nyumba za Wapangaji, Auburn Avenue
Atlanta, Georgia, Marekani

Nyumba hizi za mbao zilijengwa mnamo 1905 kwa ajili ya wafanyakazi Wazungu wa kiwanda cha nguo. Baada ya ghasia za Septemba 1906, Wazungu walipowashambulia Weusi mjini, wapangaji wa mwanzo walihama na familia za Weusi zikaingia. Vyumba vimefuatana mstari mmoja, bila ujia: ukitaka kwenda jikoni, sharti upite chumbani mwa watu.

Maisha ya familia kama hizi twayajua zaidi kwa karatasi walizoandika wengine. Sensa ya 1910 iliuliza kazi ya mtu, kama anajua kusoma, kama amepanga au nyumba ni yake. Mwanamke aliyeolewa aliulizwa amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni misiba ya nyumba nzima. Vitabu vya anwani vilitia alama kando ya jina la Mweusi. Ubaguzi ule leo humrahisishia mtafiti kazi.

Kazi iliyoandikwa mara nyingi kwa wanawake Weusi ni udobi. Nguo za Wazungu zilichukuliwa Jumatatu, zikachemshwa uani kwenye chungu cha chuma, zikatiwa wanga, zikapigwa pasi zilizopashwa moto jikoni, zikarudishwa Jumamosi.

Wageni wengi huja kuona nambari 501, alikozaliwa Martin Luther King Jr. mwaka 1929. Nyumba hizi ni za majirani zake.