Lenzi ya Bei Nafuu

Kwa miaka mingi nilichora lenzi ubaoni katika chuo cha ualimu, lakini sikuwahi kununua hata moja. Ndipo mjukuu wangu akanijia na kamera yake ya dijitali ya Canon, ile ya wanaoanza, akiomba fedha za lenzi ya pili. Dada yangu mkubwa, aliyepita miaka themanini, alikubali kupigwa picha kwa sharti moja: jioni, sebuleni kwake, bila flashi, maana macho yake hayaistahimili. Picha za awali zilitoka ukungu mtupu.

Tatizo hili ni la zamani. Ugunduzi wa Daguerre ulipotangazwa Paris mwaka 1839, lenzi zilipitisha mwanga haba, na mtu alilazimika kutulia kama gogo kwa dakika kadhaa. Mwaka 1840 Joseph Petzval, profesa wa hisabati mjini Vienna, alikokotoa lenzi iliyopitisha mwanga zaidi ya mara kumi. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa Zeiss akabuni Planar, yenye vioo sita vilivyopangwa kwa ulinganifu. Ukoo huo ndio uliozaa lenzi nyingi za milimita 50 tunazozijua.

Lenzi iliyokuja na kamera ya mjukuu, ikivutwa hadi milimita 50, hufunguka kufikia f/5.6 tu. Ya f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nami nikaiwazia pensheni yangu. Lakini unafuu wa lenzi hii una sababu: haivuti picha, vioo vyake ni vichache, na hutengenezwa kwa wingi. Canon ilitoa toleo moja mwaka 1987. Ya 1990 ilipunguziwa gharama hata kitako kikawa cha plastiki. Ya 2015, yenye kitako cha chuma, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 125. Tukanunua iliyokwishatumika.

Dosari tuliiona siku ile ile. Kihisi cha kamera ni kidogo kuliko fremu ya filamu, hivyo milimita 50 huona kama 80. Sebule ni finyu. Mjukuu alipigia picha mlangoni.

Jicho la kushoto limetoka safi, la kulia limefifia kidogo, kwani tundu likipanuka, kina cha picha hupungua. Dada aliishika muda mrefu, akasema amefanana na mama. Mama yetu hakuwahi kupigwa picha.