Faru wa Rumi, Tembo wa Tabora na Sungura wa Senti Hamsini

Tangu sarafu za kwanza zipigwe chapa katika ufalme wa Lidia, kwenye nchi inayoitwa Uturuki leo, yapata miaka 2,600 iliyopita, zikiwa na kichwa cha simba kilichothibitisha kwamba mtawala anaudhamini uzito wa madini yake, mnyama amekuwa mmoja wa wasemaji wakuu wa dola mbele ya raia wake. Wengi wa raia hao hawakujua kusoma, lakini kila mmoja alimtambua simba, tai au fahali, na kwa hiyo picha iliyoenea kwenye kipande cha fedha chenye upana wa ukucha wa kidole gumba iliweza kusema zaidi ya maandishi yaliyoizunguka. Elimu inayochunguza sarafu, madini yake, picha zake na njia zilizopita huitwa numismatiki, na ndani yake limo tawi linalopendwa sana na wakusanyaji, yaani ukusanyaji wa sarafu za Rumi ya kale zenye wanyama na viumbe vya kubuni. Tawi hilo laweza kudhaniwa kuwa mbali mno na Nakapanya, kata ya mkoa wa Ruvuma iliyo kiasi cha kilomita 66 mashariki mwa mji wa Tunduru, kwenye barabara inayoelekea Mangaka na Masasi; lakini kamba inayoziunganisha pande hizi mbili ipo, nayo imefungwa kwenye pembe ya faru.

Warumi waliwatumia wanyama kama hoja. Dinari aliyoitoa Julius Caesar mwaka 49 KK, alipokuwa akiingia vitani dhidi ya mahasimu wake wa Roma, inamwonyesha tembo akikanyaga kitu mfano wa nyoka, na chini ya miguu yake limeandikwa jina la Caesar pekee, bila cheo na bila maelezo, kwa kuwa tembo alitosha kueleza nani ataponda na nani atapondwa. Mwaka 28 KK Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus, alitangaza kutekwa kwa Misri kwa picha ya mamba mmoja, kwani kwa Mrumi mamba alikuwa Nile na Nile ilikuwa Misri. Kaizari Philip, aliyezaliwa upande wa Syria na kwa hiyo kuitwa Mwarabu, aliadhimisha miaka 1,000 ya mji wa Roma mwaka 248 BK kwa mfululizo wa sarafu zilizobeba wanyama wa maonyesho: simba, swala, na mbwa mwitu jike anayewanyonyesha mapacha Romulus na Remus, ambao ngano inawataja kuwa waasisi wa mji huo. Katika mfululizo huo sarafu zilizotolewa kwa jina la mke wake, Otacilia Severa, zina kiboko, mnyama ambaye wavuvi wa Mto Ruvuma hawahitaji kuelezwa habari zake.

Viumbe vya kubuni vilikuja kwa wingi wakati dola ilipoyumba. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kaizari Gallienus, 267 na 268 BK, wakati mipaka ilikuwa ikivunjwa na majenerali wakiasi mmoja baada ya mwingine, karakana ya Roma ilitoa sarafu zilizoitwa antoniniani, ambazo kwa jina zilikuwa za fedha ingawa fedha iliyomo ilikuwa imebaki chembe tu. Juu yake alichorwa grifini, ambaye ana kichwa na mbawa za tai juu ya mwili wa simba. Sentauri, ambaye ni mtu kuanzia kiunoni kwenda juu na farasi kuanzia hapo kwenda chini. Pegasus, farasi mwenye mbawa. Na hipokampi, farasi wa baharini mwenye mkia wa samaki. Kila kiumbe kilikuwa mali ya mungu fulani, hipokampi akiwa wa Neptune, mungu wa bahari, na paa akiwa wa Diana, mungu wa uwindaji, na maandishi yake yaliwataja miungu hao kuwa walinzi wa Kaizari. Wakusanyaji wa leo huzipenda sarafu hizi kwa uzuri wake na kwa kuwa bado zinapatikana kwa bei nafuu, lakini ziliwekwa chapa kwa sababu ya hofu, na anayeziona kuwa mapambo matupu anakosa nusu ya maana yake. Gallienus aliuawa na maofisa wake mwenyewe mwaka 268.

Faru ndiye anayeileta habari hii Afrika Mashariki. Kaizari Domitian, aliyetawala kuanzia 81 hadi 96 BK, alitoa sarafu ndogo ya shaba, miongoni mwa zile za thamani ya chini kabisa, yenye faru aliyeinamisha kichwa tayari kushambulia, na mchongaji wake aliweka wazi kwamba mnyama huyo ana pembe mbili. Faru wa India ana pembe moja. Kwa hiyo faru wa Domitian, anayehusishwa na maonyesho ya uwanja wa Colosseum uliofunguliwa mwaka 80 BK, alikuwa Mwafrika. Katika karne hiyo hiyo mfanyabiashara mmoja aliyeishi Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa mabaharia unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, na humo akaitaja bandari ya Rhapta katika pwani ya Azania, ambayo wanahistoria wengi wanaiweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Bidhaa alizosema zilitoka huko ni pembe za ndovu, magamba ya kasa, na pembe za faru.

Mwongozo huo unataja pia vitu vilivyoletwa Azania kama malipo, navyo ni mikuki, mashoka madogo, visu, vyuma vya kutobolea na vyombo vya vioo, pamoja na divai na nafaka ya ngano ya kuwafurahisha wenyeji. Sarafu hazimo katika orodha hiyo. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya pwani hii na kusini mwa India, ambako dinari za Rumi zimechimbuliwa kwa maelfu, kwa kuwa huko Warumi walinunua pilipili kwa fedha taslimu, ilhali huku walibadilishana mali kwa mali. Ugunduzi uliopata sauti zaidi ni ule wa Bur Gao, kusini mwa Somalia, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 afisa Mwingereza, Kapteni Haywood, alisema alipata rundo la sarafu ambamo zilikuwemo za wafalme wa Kiptolemaio wa Misri na za makaizari wa Rumi. Rundo hilo lilichanganya pia sarafu za karne za baadaye mno, na hakuna kumbukumbu ya jinsi zilivyolala ardhini wala zilikuwa pamoja na nini, ndiyo maana wanaakiolojia wamelitilia shaka hadi leo. Sarafu zilikuwa za kweli. Ushahidi wake ndio uliopotea siku zilipotolewa udongoni bila kuandikwa.

Sarafu zilizotolewa na watawala wa pwani yenyewe hazikuwa na mnyama yeyote. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye jina la mtawala na maneno ya kumtukuza Mungu yaliyopangwa kwa vina, upande mmoja ukikamilisha kina cha upande wa pili, na huu ni usanii ambao Rumi haikuwa nao. Sarafu za shaba za Sultan Barghash wa Zanzibar za mwaka 1882 zilichorwa mizani. Mnyama alirudi kwa mlango wa biashara, juu ya reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye tarehe ya 1780 ambayo iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe hiyo hiyo baada ya malkia mwenyewe kufariki, na ambayo mgongoni ina tai mwenye vichwa viwili, kiumbe ambaye hayupo porini popote. Misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa ilipita katika nchi ya Wayao, ambayo Tunduru na Nakapanya ni sehemu yake, na ingawa huko bara fedha ya kila siku ilikuwa kitambaa cha kaniki na merikani pamoja na shanga, hesabu ya matajiri wa pwani walioigharimia misafara hiyo ilifanywa kwa reale. Neno sumni, ambalo wazee wanalitumia kwa senti hamsini, lilianza kama thumni, yaani sehemu ya nane ya reale.

Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Pesa yake ya shaba ilikuwa na tai wa dola ya Ujerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Rupia yake ya fedha ilikuwa na Kaizari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai utosini, na mgongoni ngao ya kampuni yenye simba mbele ya mnazi. Simba huyo aliingia vijijini pamoja na kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, kodi ambayo pamoja na kazi ya lazima iliwasukuma watu wa kusini kwenye Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Hivyo, familia nyingi za Ruvuma zilimjua kwanza simba wa sarafu kama kitu cha kutafutwa kwa jasho na kukabidhiwa kwa mwenye bunduki, na mkusanyaji anayeishika rupia ya 1890 mkononi anashika pia kumbukumbu hiyo. Mwaka 1904 pesa iliondolewa na rupia ikagawanywa katika heller 100. Kutokana na heller hiyo Kiswahili kikapata neno hela.

Sarafu mashuhuri kuliko zote zilizowahi kupigwa chapa katika ardhi ya Tanganyika ilizaliwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikuwa wameifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena, na serikali ya kikoloni iliyohamia Tabora ikalazimika kutengeneza fedha yake ndani ya karakana ya reli ya mji huo. Mwaka 1916 zilitoka hapo heller 20 na heller 5 za shaba nyeupe na nyekundu, na kisha rupia 15 ya dhahabu iliyochimbwa Sekenke, katika mkoa wa Singida wa leo. Upande mmoja una tai wa Ujerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini yake tarehe na herufi T ya Tabora. Sarafu hizo za dhahabu zilitolewa 16,000 na ushei tu, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7.17 hivi, na wajuzi huzigawa katika aina mbili kwa kuangalia ncha ya pambo la kulia inaishia chini ya herufi gani ya neno OSTAFRIKA. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Tabora na kazi hiyo ikaisha. Ni sarafu ya dola iliyokuwa ikishindwa, na hata hivyo, kwa uchongaji wake, tembo yule hana mpinzani katika sarafu za eneo hili.

Shilingi ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na simba aliyesimama mbele ya milima, na simba huyo huyo alikuwa kwenye senti hamsini. Senti kumi na senti tano zilizotobolewa katikati zilizungushiwa pembe za ndovu, pembe bila tembo mwenyewe, picha inayosema mengi juu ya kile kilichotafutwa.

Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwaka 1966 na kutoa sarafu za taifa, senti tano ilipewa samaki, senti ishirini mbuni, na shilingi mwenge wa uhuru. Senti hamsini ilipewa sungura. Mahali palipokaa simba wa mkoloni pakakaa mnyama asiye na meno ya kutisha wala mkonga wa kuponda, ambaye katika hadithi za karibu kila kabila nchini humshinda simba na tembo kwa akili, na katika historia yote ya wanyama wa sarafu, kuanzia Lidia hadi leo, ni vigumu kupata badiliko lenye maana kubwa kuliko hilo. Punda milia alifuata kwenye senti kumi mwaka 1977. Faru wa pembe mbili alirudi mwaka 1974 kwenye sarafu maalumu ya shilingi 50 iliyotolewa kwa ajili ya uhifadhi, kisha mwaka 1996 akaingia kwenye shilingi 50 ya mzunguko, akiwa na mtoto wake, wakati ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa umekwisha kuwamaliza karibu wote katika mapori ya kusini. Domitian alimchora faru kwa kuwa alikuwa ameletwa uwanjani. Tanzania ilimchora kwa kuwa alikuwa akitoweka.

Ukusanyaji wa sarafu katika maeneo kama Nakapanya hauhitaji dinari kutoka minada ya Ulaya. Rupia, heller na shilingi za simba zilipita mikononi mwa watu wa njia hii ya zamani ya misafara, na iliyobaki katika sanduku la bibi au iliyoibuka shambani wakati wa palizi ya mikorosho ina historia ambayo duka la sarafu haliwezi kuiuza. Historia hiyo hufutwa kwa njia mbili: kuisugua sarafu kwa mchanga, majivu au limau hadi ing'ae, jambo linaloondoa ngozi ya juu na alama zake, na kumuuzia mpita njia bila kuandika ilipopatikana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Kwa hiyo mwenye sarafu ya zamani na aiache na kutu yake, aandike jina la kijiji, shamba na siku iliyopatikana, aiulize familia aliipata nani na kwa kazi gani, kisha aionyeshe kwa wataalamu wa Makumbusho ya Majimaji mjini Songea kabla ya kumsikiliza mnunuzi yeyote.