Kidole tumbo: hivi kweli hakina kazi?

Wadau, vijiweni bado nasikia ubishi ule ule: mmoja anasema mbegu za mapera ukizimeza zinaenda kukaa kwenye kidole tumbo, mwingine anasema ni kinyama tu kisicho na kazi. Leo tuliweke sawa.

Kidole tumbo ni kamrija kembamba, kwa mtu mzima kama sentimita 9 hivi, kanakoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia, chini kulia. Mlango wake ni mmoja tu, huko mbele kumeziba. Charles Darwin mwaka 1871 alikiita mabaki yasiyo na faida, na wengi tumekariri hivyo.

Lakini ukikiangalia kwa hadubini, ukuta wake umejaa tishu za limfu, ndugu zake zile tonsili za kooni. Humo seli nyeupe za damu zinakutana na vijidudu vya tumboni na kujifunza kutengeneza kingamwili. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa hoja kwamba ni maficho pia: ukiharisha sana, bakteria wazuri waliobaki humo wanatoka kujaza utumbo upya. Hoja nzuri, ingawa ni hoja.

Sasa vijana sikilizeni. Tishu hizi huwa nyingi zaidi ujanani, uzeeni zinapungua. Na ugonjwa wa kidole tumbo nao unapenda zaidi watu wa miaka 10 hadi 30. Tishu zikivimba, mlango unaziba. Wakati mwingine kinachoziba ni kinyesi kilichokauka kama kijiwe. Bakteria wanazaliana mle ndani, presha inapanda, damu haipiti, kinaoza na kupasuka. Mbegu ziliwahi kukutwa humo, ila ni mara chache mno, kwa hiyo kuleni mapera yenu.

Maumivu mara nyingi huanzia kitovuni, baada ya saa kadhaa yanahamia chini kulia. Chakula hakipandi, kichefuchefu, homa kidogo. Usinywe dawa ya kuharisha wala usikubali kukandwa tumbo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na jamani, kikipasuka maumivu yanaweza kupoa ghafla, mtu akadhani amepona kumbe usaha unasambaa tumboni. Hapo ndipo watu wanapokufa.

Wakikitoa usiogope, utumbo una tishu nyingine za limfu kibao. Waliowahi kupasuliwa, tupeni uzoefu hapo chini.