Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi: maradhi ya mifupa kwa watoto na watu wazima

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na eneo la Maziwa Makuu, mtu anayelalamikia goti, nyonga au vidole huambiwa kuwa ana baridi yabisi. Jina hilo hupewa bibi ambaye magoti yake yamechakaa kwa miaka ya kulima na kubeba mizigo, baba aliyeamshwa usiku na maumivu ya kidole gumba cha mguu, na hata mtoto mwenye homa asiyeweza kukanyaga chini. Maradhi hayo matatu ni tofauti, na tiba zake ni tofauti. Ya bibi hushughulikiwa kwa miezi, ya baba kwa siku kadhaa, lakini ya mtoto hayafai kusubiri hata hadi kesho yake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.71 wanaishi na matatizo ya mifupa, viungo na misuli. Mengi kati yake hutibika au hutulizwa yakitambuliwa mapema, na maswali ya kwanza ya daktari huwa mawili: mgonjwa ana umri gani, na maumivu yalianza lini?

Umri una uzito kwa sababu mfupa wa mtoto bado unakua. Karibu na ncha zake kuna sehemu ya kukulia, na ikiharibika mguu au mkono unaweza kubaki mfupi au kupinda. Kwa mtu mzima, kinachoharibika mara nyingi ni gegedu, yaani tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu ikishalika haioti tena kama ilivyokuwa.

Maradhi ya watoto

Nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa humpata takriban mtoto 1 hadi 2 katika kila 1,000. Unyayo hugeukia ndani na kisigino huvutwa juu. Hali hii haitokani na laana wala kosa la mama. Tiba yake inajulikana kwa jina la Daktari Ignacio Ponseti, aliyeibuni katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino kwa ganzi, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, mwanzoni karibu mchana na usiku na baadaye wakati wa kulala tu, hadi umri wa miaka 4 au 5. Wazazi wanaoviacha viatu hivyo mapema kwa kuona mguu umeshanyooka huweza kuuona ukipinda upya. Tiba hufaa zaidi ikianza katika wiki za kwanza za maisha. Miongoni mwa vituo vinavyojulikana kwa tiba ya viungo vya watoto katika eneo hili ni CCBRT ya Dar es Salaam, CoRSU ya Kisubi nchini Uganda, na Gatagara nchini Rwanda.

Matege yanahitaji kutofautishwa. Miguu ya mtoto wa chini ya miaka 2 kwa kawaida huwa na upinde, ambao hunyooka wenyewe. Lakini upinde unaozidi baada ya umri huo, ulio katika mguu mmoja tu, au unaoandamana na vifundo vilivyovimba na kuchelewa kutembea, unaweza kuwa ishara ya upungufu wa vitamini D au madini ya kalsiamu. Jua la kutosha mwilini, maziwa, mayai na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao husaidia kinga. Mtoto aliyekwisha kuugua huhitaji dawa kwa kipimo cha daktari.

Hatari kubwa kuliko zote ni usaha ndani ya kiungo au mfupa. Bakteria husafiri katika damu na kutua kwenye nyonga, goti au mfupa wa paja. Mtoto hupata homa, hukataa kukanyaga, na hulia anapoguswa au anapobadilishwa nguo. Usaha huweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache, na mtoto akabaki na kilema cha maisha. Kiungo chenye usaha huhitaji kusafishwa hospitalini, pamoja na dawa za kuua bakteria kwa wiki kadhaa. Kukanda, kuchanja au kupaka dawa ya misuli hupoteza saa ambazo zingeuokoa mguu huo.

Watoto wenye selimundu wamo katika hatari zaidi ya maambukizi hayo. Aidha, kuvimba kwa viganja na nyayo kwa mtoto mchanga, hasa kuanzia miezi 6, huweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa huo, na kipimo cha damu hutoa jibu.

Kifua kikuu nacho hakiishii mapafuni. Kikiingia katika uti wa mgongo, huleta maumivu ya muda mrefu, kupungua uzito, homa za jioni na hatimaye kibiongo. Miguu ikianza kulegea, neva za uti wa mgongo zimebanwa. Ugonjwa huu huwapata watoto na watu wazima, na hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu, mara nyingi kwa muda unaozidi ule wa kawaida wa miezi 6.

Maradhi ya watu wazima

Yanayoongoza ni kuchakaa kwa viungo, ambako kwa makadirio ya WHO kuliwahusu watu milioni 528 mwaka 2019. Goti huuma mtu anapopanda ngazi au kuinuka kutoka kitini, na ukakamavu wa asubuhi hupita ndani ya nusu saa. Wengi huacha kutembea wakidhani mwendo unaumaliza mguu. Ukweli ni kwamba mazoezi ya wastani ya kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu. Kwa mtu mnene, kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua.

Ugonjwa ambao madaktari huuita baridi yabisi ya kweli ni mwingine. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo. Vidole na vifundo vya mikono huvimba pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi hudumu saa nzima au zaidi. Watu wapatao milioni 18 duniani wanao, na takriban asilimia 70 ni wanawake. Dawa zinazotuliza kinga, kama vile methotreksati, huweza kuzuia vidole visipinde, hasa zikianza katika miezi ya mwanzo. Kwa ugonjwa huu methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, huhitaji vipimo vya damu, na mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku. Kidole gumba cha mguu huwa chekundu na cha moto kiasi kwamba hata shuka haiguswi. Chanzo ni fuwele za asidi ya yuriki. Pombe, hasa bia, na ulaji mwingi wa nyama na maini huongeza hatari. Dawa zipo za kutuliza shambulio na za kuzuia mengine.

Kuna pia udhaifu wa mifupa, unaowapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Hauna maumivu hadi mfupa uvunjike kwa kuanguka kidogo tu, hasa kifundo cha mkono, nyonga au uti wa mgongo.

Mfupa uliovunjika na dawa za dukani

Wengi huanza kwa mwunga mifupa wa kienyeji. Banzi zikikazwa mno, damu haifiki vidoleni. Vidole vikivimba, vikawa baridi, vikafa ganzi au maumivu yakazidi, vifungo vilegezwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali, kwani kiungo huweza kufa na kulazimu kukatwa. Jeraha linaloonesha mfupa halipaswi kufungwa nyumbani kwa matumaini ya kupona.

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Dawa za jamii ya prednisoloni hutoa nafuu ya haraka inayomvutia mgonjwa, ilhali matumizi yake ya muda mrefu hudhoofisha mifupa na huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja.

Dalili zisizosubiri

Hospitali inahitajika siku hiyo hiyo kwa mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga au kutumia mkono, kiungo kimoja kilichovimba ghafla na kuwa cha moto, miguu inayolegea, kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa pamoja na maumivu ya mgongo, na mfupa uliovunjika wenye jeraha. Maumivu yasiyo na dalili hizo lakini yanayodumu zaidi ya wiki 6, au yanayomwamsha mtu usiku, yanastahili kuchunguzwa kituo cha afya. Mgonjwa aeleze yalianza lini, kiungo gani kilitangulia, ukakamavu wa asubuhi hudumu muda gani, na dawa zote alizokwisha kutumia, zikiwamo za mitishamba.